Magadi na Ndimu

"Inama! Inama nikuambie!"

Angeline alimkandamiza msichana kisogoni mpaka paji la uso likagonga ukingo wa sinki. Hakumwomba radhi. Uji mweupe kichwani mwa Chepkoech ulikuwa unatoa povu, na kila povu lilipopasuka, ngozi ilionekana nyekundu kama nyama iliyochunwa. Msichana alipiga mayowe. Akapiga teke ukuta wa mabati, saluni nzima ikalia.

"Mmempaka nini?"

"Magadi tu," mama yake alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, ameukumbatia mkoba kifuani. "Magadi na ndimu. Na yai moja. Kuna mama kwenye simu alionyesha. Alisema inarudisha nywele vile Mungu aliumba."

"Na imekaa muda gani?"

"Tangu tutoke nyumbani, Ainabkoi."

Angeline alifumba macho, akayafumbua, akamwaga maji.

Chepkoech alikuwa ametiwa kemikali ya kunyoosha nywele likizoni, kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa, na mwalimu wa zamu langoni alijua kukagua vichwa. Kichwa chenye kemikali kilinyolewa au kilirudishwa nyumbani. Msichana alikuwa ameapa kwamba hanyolewi, hata wakimfunga kamba.

"Mama, sikiza," Angeline alisema, jagi mkononi. "Kemikali ikishanyoosha, imenyoosha. Si magadi, si siki, si mayonesi, si maombi. Ile itaota ndiyo itakuwa mpya. Hii ingine ni ya makasi."

"Hapana!" sauti ilitoka ndani ya sinki. "Sikatwi!"

"Nyamaza, utameza magadi."

Simu ililia kwenye mfuko wa aproni. Ikakatika, ikalia tena. Mikono ya Angeline ilikuwa imejaa uji unaoteleza, nayo ilikuwa imeanza kumwasha. Aliiacha ilie. Alijua ni nani.

Mumewe, Cyril, alibeba viazi kutoka Timboroa kwa pikipiki. Alifunga magunia kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, na alikuwa na namna yake ya kuufunga: anauzungusha kwenye ngumi, anauzungusha tena, kisha anavuta kwa uzito wa mwili wote. Nyumbani nywele za mkewe alizishika vivyo hivyo. Zilikuwa ndefu, zimefika mabegani, zimenyooka kama uzi. Wakati wa uchumba ndiye aliyelipia kemikali ya kwanza. Mwezi uliopita, juu ya sikio pakiwa bado panavuja damu mahali nywele zilipong'oka, Angeline alimwambia anataka kuzikata.

Cyril aliendelea kula.

"Kata," alisema. "Halafu utafute kwa kulala."

Mlango wa saluni ulipigwa teke, mama ya Chepkoech akarukia pembeni.

"Simu ni ya urembo?" Cyril aliuliza.

"Niko na mtoto hapa. Wacha nimalize."

"Nimekuuliza, simu ni ya urembo?"

Kofi lilimpata Angeline kabla hajageuka. Jagi lilianguka likabingiria chini ya kiti. Kisha ngumi ikaingia kwenye nywele. Akahisi ikizunguka, ikazunguka tena, halafu ikavuta. Kichwa kilienda nyuma, macho yake yakaona dari. Cyril alimkokota hadi katikati ya chumba, akamgongesha kwenye draya ya kukaushia nywele. Kofia ya plastiki ilipasuka, vipande vikamwangukia mdomoni. Alitema damu.

"Inaingia machoni!" Chepkoech alikuwa anapapasa ukuta, akitafuta bomba ambalo halikuwa na maji tangu asubuhi. "Mama! Macho!"

Mama yake aliukimbilia mtungi kwenye kona. Cyril, bila kuachilia nywele, aliupiga teke. Mtungi ulilala kwa ubavu, maji yakaanza kutoka kwa mikupuo.

"Baba, nakuomba," yule mama alisema. "Mwache amwoshe. Mtoto anaungua."

"Kwani ni wangu?"

Hakukuwa na maji mengine. Angeline aliyasikia yakimwagika sakafuni, akasikia msichana akilia, akatia mkono kwenye aproni. Makasi yalikuwa mahali pake.

Cyril aliyaona. Akacheka.

"Unataka kunidunga? Haya, nidunge." Akavuta zaidi.

Nywele iliyovutwa hukatika upesi. Hilo kila msusi analijua. Angeline alipeleka makasi nyuma ya sikio lake mwenyewe na kukata. Akakata tena. Kitu kikaachia ghafla, naye Cyril akarudi nyuma kwa nguvu zake mwenyewe, akajigonga kwenye kiti, akakaa ndani ya maji.

Angeline hakumtazama. Aliusimamisha mtungi, akaubeba hadi kwenye sinki, akamshika msichana kidevu.

"Fungua macho."

"Siwezi!"

"Fungua!" Akazifungua kope kwa vidole, akamwaga maji polepole, jicho moja, kisha la pili, kisha kichwa.

Nyuma yake Cyril aliinuka. Suruali ilikuwa inachuruzika maji. Aliitazama ngumi yake na kile kilichoning'inia humo.

"Umekata," alisema.

"Nimekata."

"Na utalala wapi?"

Angeline aliendelea kumwaga maji. Cyril alitoka. Walingoja wasikie pikipiki ikinguruma. Haikunguruma.

"Usimweke rohoni," mama ya Chepkoech alinong'ona, akiokota vipande vya draya. "Hizo hasira ni za shetani. Wewe mwombee, Angeline. Atarudi tu vile alikuwa."

Angeline alimtazama yule mama. Akatazama povu jeupe lililobaki kwenye shimo la sinki.

"Mkitoka hapa mwende hospitali moja kwa moja," alisema. "Macho si ya kuchezea. Na usimpake kitu."

Alimkalisha msichana kitini. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yanaona. Yalimtazama kwenye kioo. Upande mmoja nywele za Angeline zilifika begani. Upande wa pili zilikuwa zimekatwa, fupi, zimesimama ovyo. Chepkoech alinyoosha mkono, akagusa pale nyuma ya sikio.

"Hapa imejikunja."

"Hiyo ni ile imeota."

Msichana hakukiondoa kidole.

"Nikate," alisema. "Yote. Lakini maliza yako kwanza."

"Yangu itangoja. Kaa wima."

Kabla ya kuanza, Angeline alikigeuza kiti kidogo, akainamisha kioo mpaka kikaonyesha mlango. Nje Cyril alikuwa amekaa juu ya pikipiki, amewapa mgongo. Mkono wake ulikuwa unazungusha lile fungu jeusi la nywele kwenye usukani, unalifungua, unalizungusha tena.

Angeline alishika kishungi cha kwanza kati ya vidole viwili, macho yake kwenye kioo, akakata.