Betri Nne za Shangazi

"Usibonyeze kitu," shangazi alisema kabla hata sijamwamkia, akaniwekea kompyuta mezani taratibu.

Natengeneza kompyuta mwaka wa kumi na nne huu, na sina subira na watu wanaoniletea makumbusho. Lakini ile niliisogezea taa. Ilikuwa moja ya zile za mwanzo kabisa za kubebeka, nene kama kamusi, kioo chake kikitosha mistari minane tu. Maandishi yanaishi kwa betri nne ndogo, kama za redio. Ukiyaacha na kuizima, ukiiwasha inakurudisha pale pale ulipoishia. Betri zikiisha, ya akiba iliyo ndani huyashikilia siku chache, kisha kwaheri.

Mumewe, mwandishi wa habari za michezo, alifariki akiwa ameiinamia, ripoti ya mpira haijaisha. Tangu hapo shangazi amebadilisha betri zile kila mwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi ua moja tu la dirishani limenishinda kumwagilia.

Sasa betri ya akiba ilikuwa imevuja.

"Kwanza ninakili maandishi," nilisema. "Dakika tano tu."

"Utabonyeza vitufe?"

"Lazima nitoke kwenye ripoti ndipo niitume kwenye kompyuta yangu."

"Basi hapana. Maneno nayajua yote kwa kichwa. Mimi nataka hapo."

Alinionyesha bila kugusa. Mstari wa tano, baada ya neno "winga", kialama cheusi kilikuwa kinawaka na kuzimika. Marehemu alikuwa hajapita hapo.

"Shangazi, mkono ukiteleza, vyote vinaondoka."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nimezoea kubishana na wateja, ila siku ile nilichukua bisibisi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliifungua ikiwa inawaka, nikaitoa betri mbovu, nikalehemu mpya roho ikiwa mkononi. Kioo kilififia. Shangazi akanishika bega. Kikarudi, na kialama kikawaka pale pale. Nililia, wala sioni haya kusema.

Nilipokwisha kufuta macho nikamwuliza nani alishinda mechi ile.

"Sijui, mwanangu. Wenzake wa kazini walikuja msibani wakataka kuniambia, nikawakataza. Matokeo alikuwa ananipa yeye."