Hewa Imekaa Kwenye Benchi

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya trekta dogo la dada Sekela, na trekta nalo limelala chali juu yangu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aamke kwanza.

"Umechoka?" trekta likaniuliza.

"Nimechoka."

"Mimi sichoki," likasema. "Mimi nazimika tu."

Hilo lilikuwa kweli hata nikiwa macho. Wiki nzima trekta lilikuwa linawaka vizuri, linaingia jarubani, linachavanga, yaani kuvuruga tope la kupandia mpunga, kidogo tu, halafu linaishiwa nguvu na kuzima. Dada anafungua tangi kuangalia kama dizeli imekwisha. Haijaisha. Anafunga, anawasha, linawaka, tunafurahi. Baada ya muda linazima tena. Nilikuwa nimebadilisha chujio, nimemwaga maji yaliyotuama chini ya tangi, nimetoa hewa kwenye mipira ya mafuta mpaka ugali wangu ukawa unanuka dizeli. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa inaishia kesho, na miche ya mpunga ya dada, mavuno yake yote ya mwaka huu, ilikuwa bado kitaluni inazeeka.

Kwenye ndoto miche ilikuwa imekuja yenyewe. Imejipanga ukingoni mwa jaruba, kila mche na kifurushi chake, na ile ya mbele imeshaota mvi.

"Tunahama lini?" mche mmoja ukauliza.

"Bado natafuta tatizo."

"Hatujauliza tatizo. Tumeuliza lini."

Nikachukua spana yangu. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na nina kanuni moja tu: ifuate njia yote ya mafuta, usiruke mahali. Nikaona niifuate hivyohivyo. Kwa kuwa nilikuwa upande wa injini, ilinibidi nianze mwisho na kurudi nyuma. Nikavua viatu, nikaingia kwenye mpira wa mafuta, kichwa mbele.

Natembea. Ndani kuna giza lenye harufu ya dizeli, lakini pamefagiliwa. Mbele amekaa mlinzi mlangoni, naye ni chujio.

"Acha hapa kila kinachozidi tundu langu," chujio linasema.

Naacha spana. Naacha mkanda.

"Na uchovu."

"Huo haushikiki," nasema.

Chujio linaushika lenyewe, linauweka chini kwenye kikombe chake, pamoja na tope na matone ya maji. "Utaukuta," linasema. "Hakuna anayeiba uchovu."

Upande wa pili wa chujio ni korido ya zahanati. Kuna benchi refu, na juu ya benchi imekaa hewa. Ni mapovu, makubwa kwa madogo, yamebanana magoti, yamenyamaza kama watu walioambiwa daktari anakuja.

"Fundi," povu moja kubwa likaita. "Umekuja kututoa tena?"

"Ndiyo kazi yangu. Humu hamtakiwi."

"Tunajua. Juzi ulitutoa, tukatoka. Jana ulitutoa, tukatoka. Tumewahi kukubishia?"

"Hapana."

"Basi tuambie, tukitoka hapa twende wapi? Sisi tumeitwa. Mle ndani kuna mgonjwa, anatuvuta kwa nguvu zake zote. Tumefika mlangoni kwake, pamezibwa. Ndiyo tukapita huku nyuma, kwenye maungio yaliyolegea. Huku tunafukuzwa, kule hatupiti. Mtu mmoja aamue."

"Mgonjwa gani?"

"Tangi."

Nikasema tangi lilikuwa zima. Nililichungulia siku ya kwanza kabisa, nikakuta limejaa, nikaendelea na mengine.

"Limejaa, sawa," povu likasema kwa upole. "Dizeli kidogo ikitoka, nani anakaa mahali pake?"

Nikafikiri. "Hakuna mtu," nikasema.

"Basi haitoki."

Nikaingia wodini. Tangi lilikuwa kitandani, mbavu zimebonyea ndani. Mdomo wake umefunikwa nailoni, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea, na kuzungushiwa utepe wa tyubu raundi nyingi. Dada Sekela amekaa pembeni, analipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Punguza sauti, mgonjwa amelala."

"Anapumuaje?"

"Hapumui," akasema. "Lakini tangu nimfunge hajapata hata tone moja la maji."

Alisema kwa fahari, nami sikuweza kumlaumu. Skimuni kwetu, kwenye mashamba haya ya umwagiliaji, kifuniko cha tangi kikidondokea mferejini ndivyo tunavyofunga wote, maana magurudumu hurusha maji ya jaruba mpaka juu, na madhara ya dizeli yenye maji tumeshayaona. Anayekaza sana ndiye anayesifiwa.

"Dada, tumwachie mdomo kidogo."

"Aingiwe na maji? Miche yangu iko nje imeota mvi, halafu wewe unaniletea maji kwenye dizeli?"

"Tundu la sindano tu."

"Tundu ni tundu. Na maji umenihubiria wewe mwenyewe wiki nzima, kama mchungaji."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Kila ukimfungua kuangalia dizeli, trekta si linawaka?" nikamuuliza.

Mfuniko ukaacha kupepea. "Linawaka."

"Halafu ukishamfunga?"

Nje miche imeanza kugonga dirisha kwa vifurushi. Dada anamtazama mgonjwa, anautazama utepe.

"Linazima," akasema. "Lakini nimemfunga vizuri, Lugano. Nimemfunga kwa mikono yangu."

"Najua, dada."

"Mimi sitoboi."

"Nitatoboa mimi."

Spana nilikuwa nimeiacha kwa chujio. Nikajaribu kwa kucha, lakini mikono isiyo na uchovu haina uzito. Kila nikibonyeza, inaelea. Nikainama, nikauma nailoni.

Tangi likavuta pumzi ndefu sana. Mapovu yakanyanyuka kwenye benchi, yakapita mbele yangu moja baada ya jingine, kila povu likisema hodi, na tangi likiitikia karibu, mpaka mbavu zote zikarudi mahali pake.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani, na trekta halipo uani kwangu lilikolala. Mngurumo wake unatoka jarubani. Nikabaki kitandani nikingoja lizime, kwa sababu nimezoea. Likaenda mpaka mwisho wa shamba, likageuka, likarudi. Nikaendelea kungoja.

Baadaye uso wa dada ukatokea dirishani, una tope mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, ukingoni mwa jaruba, trekta lilikuwa bado linanguruma peke yake.

"Bado umelala, wewe? Nimechavanga majaruba mawili, halijazima hata mara moja! Kina mama wameshaanza kung'oa miche. Ila panya wa hapa kwako hawana adabu, wametoboa nailoni yangu. Nipe nyingine niikaze kabla sijaingia la tatu."

"Usikaze, dada."

"Maji je?"

"Tangi lifunike kwa kopo juu, kama kofia. Hilo tundu usilizibe."

Akanitazama kidogo, akaona sina nguvu ya kubishana. "Haya. Lakini huyu panya simwelewi," akasema. "Ana meno mapana."

Nilitaka kumjibu, ila kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kwenye meno ya mbele. Nikakitoa kwa ukucha, nikakiangalia kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha nailoni nyeupe, kidogo kuliko punje ya mpunga, kinanuka dizeli.