Kidole cha Tecla

Nyumba yangu ya kazi pale Kapsoit haikuwahi kukosa watu. Ilikuwa bureau ya kuchapa barua: mbele kompyuta, nyuma jiko la makaa, na sufuria ya chai haikuteremka tangu asubuhi. Anayetaka barua ya kuomba kazi, anakaa. Anayekimbia mvua, anakaa. Anayetaka kujua nani ameoa wapi, huyo alikuwa na kiti chake kabisa.

Tecla ndiye aliyefungua mlango kila siku. Nilimtoa kijijini kwao Merigi miaka mitatu nyuma, hajui hata kushika mouse, nikamfundisha, akalala nyumbani kwangu, chumba kimoja na binti yangu Beverly. Kuwasha kompyuta ilikuwa kazi yake. Mimi nikiingia saa tatu nakuta imeshawaka na wageni wameshakaa.

Mwaka huo wa tisini na saba kiwanda cha chai kilitafuta mtu wa kuweka rekodi za majani ya wakulima kwa kompyuta. Meneja aliniambia, "Jerusa, lete kitu inafanya kazi, Ijumaa saa nne. Isipofanya, nachukua mtu wa Nairobi."

Programu nilikuwa nayo. Binamu yangu Phelix, aliyekuwa chuo kikuu, ndiye aliyeiandika. Shida ni kwamba aliiandika kwa lugha ambayo Windows yangu haikuielewa bila mkalimani, yaani programu nyingine ya kuitafsiri, na huyo mkalimani Phelix alinitumia akiwa mbichi: diskette nne za maandishi matupu, kompaila ya kuyageuza yawe programu, na barua. "Dada, huyu utampika mwenyewe. Akigoma, badilisha mstari niliopigia alama, halafu uandike tena ile amri, make."

Jumatatu nikapika, akagoma. Jumanne nikabadilisha ule mstari, nikaandika make, akagoma kwa malalamiko yale yale, neno kwa neno. Jumatano nikaandika mstari upya, nikausoma kwa sauti, nikamwita hata mwalimu wa hesabu aliyekuja kunywa chai. Uko sawa, akasema. Nikaandika make. Yale yale. Ni kama kumweleza mlevi njia ya nyumbani.

"Pole, Mama Bev," Tecla aliniambia, akinimiminia chai. "Labda hii kitu si yetu."

Alhamisi Tecla aliomba ruhusa kwenda Merigi kumwona mamake. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikawasha mashine mwenyewe. Kabla Windows haijaingia, mashine ikalia na skrini nyeusi ikaniambia kwamba betri haipo, tarehe imepotea, bonyeza F1 uendelee. Nikabonyeza. Nikaangalia orodha ya faili. Ile niliyoibadilisha jana ilikuwa imeandikwa tarehe moja Januari, mwaka wa themanini.

Hapo nikaelewa, na sikuhitaji chuo kikuu. Make inapika tu kile kilichoguswa karibuni. Kilichopikwa Jumatatu kilikuwa cha tisini na saba, na kila nilichorekebisha baadaye kilikuwa cha themanini. Mashine iliona marekebisho yangu ni makuukuu, ikayaruka.

Betri. Nani alikuwa amefungua mashine? Ooko, fundi wa redio, alikuja Jumatatu jioni kutoa vumbi. Nikatuma aitwe, nikamwosha kwa maneno mbele ya watu saba.

"Nimekulisha hapa, Ooko, na wewe unaniibia kidude kama shilingi?"

Ooko aligeuza mashine, akagusa mgongo wake. "Mimi nilifunga skurubu nne. Hapa ziko mbili, na zimekwaruzwa na kisu." Kisha akasema polepole, "Jumatatu nilieleza hapa hapa kazi ya hiyo betri. Wewe ulikuwa unasimulia harusi ya Gekara. Kuna mtu alikuwa anasikiza."

"Nani?"

"Bila betri, hii mashine imekuwa ikilia kila asubuhi, Jerusa. Uliza anayeinyamazisha."

Wageni wakatazama vikombe vyao. Ooko akaweka betri nyingine aliyokuja nayo, akaenda bila kunywa chai. Nilirekebisha tarehe, nikagusa ule mstari tena, nikaandika make. Saa kumi mkalimani aliniambia mbili na mbili ni nne. Ningefurahi siku nyingine.

Ijumaa nilifika saa moja, nikakaa kwenye kiti cha wageni. Tecla aliingia na maziwa kutoka kwao.

"Umeamka mapema, Mama Bev."

"Washa mashine, twende kiwandani."

Akabonyeza swichi. Skrini haikuwa imesema kitu bado, lakini kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye F1, kikangoja. Kikangoja. Windows ikaingia moja kwa moja. Akanigeukia, kidole bado hapo.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

Akaitoa kwenye mfuko wa sweta. Wiki nzima alikuwa akitembea nayo, akinimiminia chai nayo.

"Nilidhani itakataa tu kuwaka," alisema. "Ulitangazia kila mtu ukipata hiyo kazi unafunga hapa. Hata mimi nilisikia pamoja na wateja. Hukuniambia naenda wapi."

"Ungeniuliza."

"Saa ngapi? Nyumba imejaa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu sikutaka awe na ukweli wowote. Mtu akikuibia ukiwa hujamkosea, unalia ukanyamaza. Huyu alinishikisha na sehemu yangu ya kosa.

"Acha funguo mezani," nikamwambia.

Akaziacha. Maziwa pia aliyaacha.

Nilipita kwa Ooko, nikamwomba msamaha mlangoni mwake. Akasema sawa, bila kunitazama, akanibebea mashine. Saa nne mkalimani alisoma programu ya Phelix mbele ya meneja, mkulima kwa mkulima, na hakukosea hata kilo moja. Nikapewa kazi.

Niliporudi, viti vyote vilikuwa na watu, wakingoja habari. Wakanipigia makofi, wakataka soda. Kisha mama mmoja akauliza, "Na Tecla? Mbona leo chai haina mwenyewe?"

Wakanigeukia wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza habari nikakosa la kusimulia.

"Ameenda kwao," nikasema, nikaenda nyuma kuwasha makaa mwenyewe.