Sahani Zilizopambwa

Krrr. Krrr. Kimya kidogo. Krrr.

Hiske alifumbua macho gizani, akatega sikio. Sauti ilitoka jikoni, chini ya ngazi: kijiko kilikuwa kikikwangua sufuria polepole, kijiko cha mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Kulikuwa hakujapambazuka bado, na mvua ya Novemba ilikuwa ikipigapiga dirisha.

"Jelle," alimnong'oneza mumewe. "Unasikia?"

"Panya," Jelle alijibu, uso kaufukia kwenye mto wa kulalia.

"Panya gani anatumia kijiko?"

"Basi huyo kafunzwa adabu. Lala."

Hiske hakulala. Alimjua mwenye kijiko. Alikuwa baba mkwe wake, mzee Wiebe, aliyehamia kwao baada ya mkewe Aukje kufariki. Na mzee akila jikoni gizani, maana yake alilala na njaa.

Hilo ndilo lililomuuma. Tangu majani yaanze kupukutika, Hiske alikuwa akihangaika na mapishi mapya. Kila alipokwenda dukani alichukua jarida la mapishi la bure, akarudi nyumbani akachana ukurasa mmoja, akaubandika juu ya jiko. Alipika samaki wa oveni kwa machungwa. Alipika tambi za spinachi. Jana alipika liki, zile mboga za jamii ya kitunguu, kwa bizari na maziwa mazito. Nia yake ilikuwa moja tu, mzee apate tena hamu ya kula. Lakini kila siku mzee alidonoadonoa, akasema, "Kitamu sana, mwanangu," kisha akaweka uma chini. Sahani ilirudi karibu kama ilivyokwenda.

Na Jumapili akatoa tangazo. "Kuanzia Jumatatu ijayo gari la chakula cha wazee litakuwa linanipitia. Wanaleta boksi la moto hadi mlangoni. Nitakula chumbani kwangu, nisiwasumbue."

Aliyasema kwa upole, lakini yalimchoma Hiske. Mzee ale peke yake, boksi mapajani, huku ukuta mmoja tu ndio unaomtenga na meza ya wanawe! Watu watasema nini, na yeye mwenyewe atajiambia nini?

Kulipopambazuka alishuka jikoni. Mzee alikuwa ametoka kuwaangalia kondoo. Hiske alitarajia kukuta mabaki ya uji, au maganda ya mkate. Alichokikuta ni sufuria ya liki, imekwanguliwa ikang'aa. Kando yake palikuwa na bakuli lenye alama za viazi vya jana vilivyopondwa, njano ya bizari imefika hadi ukingoni. Alipitisha kidole, akaonja.

"Kumbe anakipenda!" aliiambia sufuria. "Ila si mbele yangu."

Mchana kutwa jambo hilo halikumtoka kichwani. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, na Jumatano kule kwao ni siku ya nyama ya kusaga, imekuwa hivyo tangu enzi za mabibi. Hiske hakuthubutu kuivunja hiyo. Lakini ukurasa wa jarida ulisema nyama ikaangwe na tangawizi, ipikwe pamoja na kabichi nyekundu na matufaha, na hilo alitaka kulijaribu. Ila safari hii hakupika peke yake. Alifungua mlango wa nyuma akaita.

"Baba! Njoo unimenyee viazi."

Mzee Wiebe alisimama kizingitini kama aliyeitwa na hakimu. "Mimi? Aukje alikuwa akinifukuza humu kwa mwiko."

"Na mimi nakuingiza kwa mwiko. Kaa."

Akakaa. Alimenya maganda manene hata viazi vikawa kama gololi. Fenna, binti wa Hiske na Jelle wa miaka minne, aliinama akachungulia.

"Babu, unakimaliza kiazi!"

"Kilikuwa kinene mno hiki. Nimekikondesha."

Hiske alikoroga nyama, akasema bila kugeuka, "Baba, nani kakwangua sufuria alfajiri?"

"Labda panya."

"Hata mwanao kasema panya. Ukoo mzima waongo nyinyi."

Mzee alicheka, lakini masikio yalimwiva. Akakigeuzageuza kisu mkononi.

"Utanicheka, mwanangu. Sahani zako zinakuja zimepambwa. Samaki, juu yake majani ya kijani, na mchuzi matone matone kama shanga. Mimi tangu utoto chakula ninakiponda. Viazi, mboga, vyote pamoja, halafu nachimba kishimo katikati namimina mchuzi. Sasa niichukue kazi yako nzuri ile niiponde mbele ya macho yako? Si nitakuwa ng'ombe aliyeingia kanisani? Ndiyo maana nakula pembenipembeni."

Hiske aliacha kukoroga. "Unalala na njaa kwa sababu ya kijani?"

"Kwa sababu ya heshima."

"Na gari la chakula?"

"Nilikuona unavyojichosha. Kila siku pambo jipya, kwa ajili ya kizee kimoja. Nikasema nikitoka mezani, utapumzika."

Hiske hakujua acheke au alie. Alicheka, na machozi yalipomtoka akavisingizia vitunguu.

Saa kumi na mbili jioni, Jelle alipoingia, alikuta sufuria zimeletwa mezani vilevile zilivyotoka motoni, masizi na yote.

"Leo jikoni kuna mgomo?"

"Leo kila mtu ajipakulie," Hiske alisema.

Mzee alipakua, kisha akabaki ameshika uma, anamtazama mkwewe. Hiske aliuchukua uma wake mwenyewe akawa wa kwanza kuponda, viazi na kabichi na nyama, hadi sahani ikageuka zambarau. Hapo mzee Wiebe akavuta pumzi, akaponda kwa mikono ya mtu aliyerudi kazini. Akachimba kishimo, akamimina mchuzi. Fenna naye akachimba chake, mchuzi ukavunja ukingo ukafika kwenye kitambaa cha meza.

"Hiki kinafanana na tope la mtaroni," Jelle alisema.

"Kula tope lako unyamaze," baba yake alimjibu.

Mzee alitafuna, akafikiri. "Tangawizi imezidi. Na matufaha yangetangulia kidogo kwenye sufuria."

Wiki zote zile alikuwa hajakosoa hata punje ya chumvi. Hiske aliupokea ukosoaji huo kama zawadi. Anayejua kilichozidi amekula.

"Basi wiki ijayo tutapunguza," alisema.

Mzee alijipakulia tena, kisha akaikwangua sufuria hadharani, krrr, bila aibu. Alipomaliza, Hiske alijikaza.

"Na Jumatatu je, baba?"

Mzee aliuweka uma chini. Alijifuta mdomo, akakohoa, akaitazama sufuria kana kwamba jibu limebaki humo. "Wale watu wa gari nimeshawaahidi. Mtu mzima hawezi kuwa kigeugeu. Sijui nitawaambia nini..."

Fenna aliinua uso, midomo zambarau hadi puani.

"Jumatatu babu anakula na sisi."