Blanketi la Juu ya Shanta

Kifungo cha shanta kililia gizani. Sekela akajua mumewe, Anania, anaondoka kuwabebea wapima ardhi mizigo mlimani Rungwe, na wiki nzima nyumba itakuwa kimya. Jioni Sekela alilipanga shanta mwenyewe: unga chini, blanketi juu kabisa, maana mvua ya kule haimngoji mtu apekue. Nyumba nzima ilikuwa na blanketi hilo tu.

"Blanketi bado liko juu?" akauliza Sekela.

"Shanta limefungwa, mama Lutengano. Lala wewe."

Hatua zake zikapotea. Sekela akavuta khanga amfunike mtoto, mkono ukagusa blanketi, tayari limemfunika. Akaketi, akisikiliza mvua ikianza batini.

Lutengano akafumbua macho.

"Baba atasikia baridi."