Matanga ya Watu Wawili

Giel Basson, fundi wa matanga pale bandarini Saldanha, ana sharti moja lililomfukuzia wateja wengi: hakati kitambaa mpaka kila atakayevuta kamba za mashua aje avute mbele ya macho yake. Kwenye boriti ya karakana ametundika kapi, na kamba inayopita hapo imefungwa gunia la mchanga. Unavuta, yeye anakutazama mabega na pumzi, kisha anaandika kwa chaki ukutani. Usipotaka, mlango ule pale. Mtu ana kiburi huyo! Lakini matanga yake hayachaniki ovyo, sasa utafanyaje?

Hettie Loubser alikuwa ameshavuta tangu mwezi wa pili. Ukutani, chini ya jina la mashua yao, Malgas, paliandikwa "Hettie" na kilo alizovuta, halafu "Faan", na mbele ya Faan hapakuwa na kitu. Faan ni mumewe. Alikwenda Perth, ng'ambo ya bahari, kwa binti yao kumwona mjukuu, wiki sita tu, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne.

"Leo hutoki hapa bila kunijibu, dada," Giel alimwambia Jumanne hiyo mchana, akimsogezea chai ya rooibos na mkate mkavu wa kuchovya. "Nakata ya wawili au ya mmoja?"

"Ya wawili. Mbona unauliza kama hujui?"

"Nauliza kwa sababu simwoni huyo wa pili. Au umemfungia kwenye buti la gari?"

"Usinianze, Giel."

Giel alitandaza michoro mezani. Tanga la mbele lilikuwa la aina mbili. Kubwa lingeikimbiza Malgas mpaka kisiwa cha Mtakatifu Helena, safari waliyoipanga miaka yote, ila upepo wa kusini ukichafuka, mmoja ashike usukani na mwingine akalishushe. Dogo lilikuwa la kujikunja, unavuta kamba palepale ulipokaa, hata ukiwa peke yako.

"Hilo dogo ni la wazee," Hettie alisema.

"Kwani sisi tuna miaka mingapi?"

Hettie alicheka, na kicheko chenyewe kikamshtua, maana hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini. Upweke ulikuwa umemshika vibaya. Alikuwa bado ananunua samaki mzima kama zamani, anamla siku nne mfululizo mpaka anamchukia. Karakanani alikuja mara mbili kwa wiki, mara kuchagua uzi, mara kuchagua rangi ya pindo, na kusema kweli alikuwa akifuata mtu wa kuzungumza naye. Kuagiza matanga ya mmoja kungekuwa kutamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Faan harudi. Basi alikuwa haagizi.

"Mpigie," Giel alisema. "Kwao sasa ni jioni. Muulize anakuja lini kuvuta. Kitambaa hiki nimeshawanyima watu wawili kwa ajili yenu."

Hettie alipiga. Faan alipokea upesi, na nyuma yake zilisikika sahani na mtoto akipiga kelele.

"Hettie! Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Hakuna kitu. Niko kwa Giel, anataka kukata matanga." Swali la anakuja lini hakuliuliza, akauliza jingine. "Tuchukue lile kubwa au lile dogo?"

Faan ni mtu aliyeweza kubishania uzi wa kushonea kuanzia kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni, leo anaulizwa tanga wala habishi.

"Kubwa ni zito, mpenzi," alisema kwa sauti ya upole, ile ya kuzungumza na mgonjwa. "Chukua utakaloweza kulishusha mwenyewe."

"Hata kwa upepo mkali wa mwezi wa kwanza?"

"Hasa huo."

"Na mwaka ujao?"

"Na mwaka ujao, Hettie."

Mtoto alimwita babu yake aje kula. "Haya, nenda ukale, kitapoa," Hettie alisema, akakata simu.

Giel alikuwa amemgeuzia mgongo, anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. "Amesemaje?"

"Amesema dogo."

Akaketi juu ya jora la kitambaa akalia kwa sauti, bila kuona haya, na Giel akabaki amesimama na ufagio wake, hajui aufanye nini. Mwishowe alisema matanga hayana haraka, angeweza kungoja mpaka Ijumaa.

"Wewe, usingoje!" Hettie alimjia juu huku akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kata sasa hivi nikiona, kabla sijampigia tena nikamwambia hakulisikia vizuri swali."