Jessy Ateka Katanga Nzima

Colette alikuwa amejitangaza mwandishi katika soko zima la Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, hata kwa akina mama wa mihogo ambao hawakumuuliza. Ofisi yake ilikuwa beseni lililopinduliwa. Wafanyakazi wake walikuwa Jessy wa miaka mitano, Webby wa mitatu, na kitindamimba asiye na meno. Mwandishi gani huyu, alijicheka, hamalizi sentensi bila kupangusa mtu makamasi!

Asubuhi hiyo Bwana Didier, wa redio moja ya Lubumbashi, angempigia simu ili Colette amsomee hadithi yake. Akiipenda, Colette angepewa kipindi cha watoto. Asipoipenda, angebaki mwandishi wa sokoni. Mumewe, Kingsley, alimwonya kabla ya kwenda ziwani: "Mama Jessy, ule ukurasa wa kwanza uache. Jua linachomoza mule mpaka mutu anasinzia." Colette akamnunia. Jua lile alilichomozesha kwa jasho!

Simu ilikaa dirishani, mahali pekee iliposhika mtandao. Ilipolia, mwandishi alikuwa nyuma ya nyumba, mikono imejaa mavi ya mtoto. Kabla hajapata sabuni, Jessy ameshaipokea.

"Papa, kitendawili!" akamwamuru mgeni, kama amwitavyo kila mwanamume.

"Tega," ikajibu sauti ya mjini, ikicheka.

"Batoto yangu banalala ku jua, hakuna hata moja anafunga macho."

Didier akajaribu mahindi. Akajaribu mabati. Mtu wa mjini atawajulia wapi chisense, vidagaa vile vinavyoanikwa mchangani, vimeikodolea mbingu macho?

"Hauwezi! Toa muji!" Ndiyo desturi: aliyeshindwa hutoa mji, ndipo aambiwe jibu.

"Nakupa Likasi."

"Mudogo ule! Ongeza!"

"Kolwezi."

"Ongeza! Na Webby anataka wake!"

Colette alipoingia mbio, povu mpaka viwikoni, Jessy alikuwa ameteka Katanga nzima, jimbo lote la Bwana Didier, na Lubumbashi yenyewe ilikuwa ya Webby. Akaipokonya simu. "Bwana Didier, unisamehe, ni mimi mwandi..."

Ikakatika. Salio la bwana wa watu limeishia kwenye miji.

Colette akakaa chini. Yeye hakuwa na salio hata la kusema pole. Kazi imekufa, akawaza, na aliyeiua nimemzaa mwenyewe, tena vitendawili nilimfundisha mwenyewe ili atulie niandike.

Simu ikalia tena.

"Madame, nimeongeza salio, nimetoa miji yote! Hao watoto wa juani ni nini? Jibu liko wapi?"

Colette akasema polepole, "Liko ku mwisho wa hadithi, monsieur. Sikiliza kwanza."

Halikuwepo hata kidogo. Akafunua daftari, akaliona jua lake linaanza kujinyoosha, akaliruka kwa uchungu. Akaanzia pale mjane anapogombana na kunguru juu ya samaki wake. Alisoma akizuia mlango kwa mguu mmoja Jessy asiingie, Webby akining'inia kwenye mwingine, na mwishoni akawabandika chisense kama kiraka cha suruali, macho yao wazi juani.

Colette akaibana simu sikioni.

"Vidagaa!" Didier akapiga kelele. "Na mimi nasema mabati! Madame, hii hadithi nachukua. Jumatatu unisomee ingine."

"Bila shida," Colette akajibu kwa sauti ya mtu mwenye karani na mlango wa kufunga. Akageuka kutafuta kalamu aanze. Webby alikuwa anakoroga uji nayo.